Shahada ya Mtandaoni na Mwalimu wa Mgeta

Chuo kikuu cha kibiashara kinachofundisha kwa mtandao ni kampuni. Kina wenye hisa wanaosubiri gawio, kina fungu la matangazo, na mapato yake karibu yote ni ada. Hilo peke yake si kosa. Zipo shule na zahanati nyingi Tanzania zinazoendeshwa kwa faida na kuwahudumia watu vizuri. Ila linageuza mpangilio wa maswali. Anayeomba chuo cha umma huanza kwa kujiuliza kama atachaguliwa. Kwenye chuo cha kampuni nafasi haikosekani, maana mwanafunzi wa ziada mtandaoni hahitaji bweni wala kiti, na ada yake ni ile ile. Mwombaji hana sababu ya kuhangaikia nafasi. Cha kuhangaikia ni nani atakayeipokea shahada hiyo siku itakapowekwa mezani.

Mji wa Morogoro haujapungukiwa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo chini ya milima ya Uluguru tangu 1984. Mzumbe, upande wa barabara ya Iringa, ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Chuo Kikuu cha Waislamu kipo Msamvu, katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme, TANESCO, na mapadri Wasalvatoriani wana Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kituo chake cha mkoa. Lakini kwa mtu anayefanya kazi mlimani, ukaribu huo ni wa kwenye ramani. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa Nyandira au Tchenzema, juu kabisa katika tarafa ya Mgeta, huteremka na magari ya kabichi hadi Sangasanga ndipo aifikie barabara kuu, na masika yakichachamaa gari lenyewe hulala njiani. Kusoma jioni na kurudi hawezi. Akiomba ruhusa ya masomo, nafasi katika mpango wa mafunzo wa halmashauri ni chache na wanaosubiri ni wengi. Ndiyo maana tangazo linaloingia kwenye simu yake usiku, lenye picha ya wahitimu waliovaa joho na ahadi ya kusoma ukiwa kazini, humgusa kuliko linavyomgusa mkazi wa Kihonda, mjini Morogoro.

Tamaa hiyo ni halali. Mwalimu wa cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Anayejiendeleza akabadilishiwa cheo hupata nyongeza inayodumu hadi kustaafu na kuingia katika hesabu ya mafao yake. Kwa mtu anayelisha watoto wake, na mara nyingi watoto wa ndugu zake pia, tofauti ya herufi moja ni kubwa. Anayemwambia aridhike na alichonacho hajui maisha ya mwalimu wa kijijini.

Kisa kimoja kinachokumbukwa na walimu wa upande wa Nyandira kinaonyesha mambo yanavyokwenda. Mwalimu wa kike mwenye stashahada alijaza jina na namba yake ya simu kwenye tangazo la chuo cha ng'ambo. Kesho yake asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wanafagia uwanja, simu ikaita. Mpigaji alijitambulisha kuwa mshauri wa wanafunzi. Alikuwa na sauti ya upole, akamwita “mwalimu wangu”, akauliza habari za mvua na za familia. Hakuuliza stashahada yake ilikuwa na ufaulu gani. Hakuuliza anataka kusomea nini wala kwa nini. Aliuliza ni lini angeweza kulipa ada ya maombi, akaongeza kwamba punguzo la nusu ya ada linaisha Ijumaa. Ijumaa ilipopita, punguzo likasogezwa hadi mwisho wa mwezi. Mwezi ulipokwisha likasogezwa tena.

Simu ile ilikuwa na mafunzo mengi kuliko kipeperushi chochote. Punguzo lisilokwisha ndilo bei halisi, na ile bei kubwa iliyoandikwa juu yake imewekwa ili mnunuzi ajione amewahi. Na chuo kisichouliza vyeti vya mwombaji kinamwachia tatizo ambalo atakuja kukutana nalo baadaye. Kwa utaratibu wa Tanzania, anayeingia shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, au stashahada yenye wastani wa angalau 3.0, au njia nyingine iliyokubaliwa kama kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Mtu aliyepokelewa bila kuulizwa hayo anaweza kusoma hadi mwisho, akavaa joho lake, kisha akaulizwa vyeti hivyo hivyo siku anapotaka shahada yake itambuliwe nyumbani.

Mshauri wa namna ile ni muuzaji, na kazi yake inafahamika vizuri Marekani, ambako biashara hii ilikomaa mapema. John Sperling alianzisha University of Phoenix mwaka 1976 kwa ajili ya watu wazima walio kazini, watu ambao vyuo vya kawaida vilikuwa vimewasahau. Lilikuwa wazo jema, na kufikia 2010 chuo hicho kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000. Mwaka 2012 kamati ya Seneti chini ya Tom Harkin ilitoa ripoti kuhusu kampuni 30 za aina hiyo. Katika mwaka wa fedha wa 2009 kampuni hizo zilitumia asilimia 22.7 ya mapato yao kutangaza na kuandikisha wanafunzi, asilimia 19.4 ikawa faida, na ufundishaji ukapata asilimia 17.2. Waandikishaji walikuwa zaidi ya 35,000. Watumishi wa kuwasaidia wahitimu kutafuta kazi walikuwa kama 3,500. Mtu anayesoma hesabu hizo anaona fedha ya mwanafunzi ilikwenda zaidi kumtafuta mwanafunzi mwingine kuliko kumfundisha yeye.

Yaliyofuata yanajulikana. Corinthian Colleges ilifunga milango mwaka 2015, ITT Tech mwaka uliofuata. Mwaka 2019 University of Phoenix ilikubali mapatano ya dola milioni 191, sehemu ikiwa fedha taslimu na sehemu kubwa ikiwa madeni ya wanafunzi yaliyofutwa, kuhusu matangazo yaliyodokeza kwamba kampuni kubwa zilikuwa zikishirikiana na chuo kuwapa wanafunzi wake kazi. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilifuta mikopo ya dola bilioni 5.8 ya watu 560,000 waliosoma katika vyuo vya Corinthian.

Hapo ndipo mwalimu wa Mgeta anapotofautiana na mwenzake wa Chicago. Mmarekani alisoma kwa mkopo wa serikali yake, na serikali iliyokuwa inadai ilikuwa na sababu na nguvu za kuchunguza na hatimaye kusamehe. Mwalimu wa Mgeta analipa kutoka mfukoni, kwa dola, kwa kampuni iliyo nje ya mahakama za nchi yake, na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimfikii huko. Chuo kikianguka, au kikikataa kutoa matokeo, hakuna mlango wa kugonga. Kwa sababu hiyo uangalifu wake unapaswa kuwa mkubwa kuliko wa Mmarekani, na ufanyike kabla ya malipo ya kwanza.

Kuna pia duka ambalo nyuma yake hakuna chuo kabisa. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwapo. Video zake zilikuwa na waigizaji waliojifanya maprofesa na wanafunzi, na wanunuzi wake walitoka nchi nyingi, za Ghuba zikiwemo. Lenye kutisha zaidi ni kwamba baadhi ya tovuti zilikuwa za mashirika ya ithibati yaliyobuniwa na watu wale wale ili kuvithibitisha vyuo vyao. Neno “kina ithibati” kwenye ukurasa wa chuo kwa hiyo halitoshi. Inabidi kujua ni shirika gani limeitoa, na kama shirika hilo linatambuliwa na serikali ya nchi husika. Kwa chuo cha Marekani, Wizara ya Elimu ya huko ina orodha yake iliyo wazi kwa yeyote. Kwa cha Uingereza, ipo orodha rasmi ya taasisi zenye mamlaka ya kutunuku shahada. Kutafuta jina katika orodha hizo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye bando.

Nyumbani mlango wa kuulizia ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi Julai 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo. Shahada ya nje haina uzito katika utumishi wa umma hadi Tume iitambue. Mhitimu hutuma maombi, hulipa ada ya huduma hiyo, huambatisha shahada na nakala ya matokeo pamoja na vyeti vyake vya awali, kisha Tume huangalia chuo, kozi na sifa alizoingia nazo. Tume hiyo haina upole kwa vyuo vya ndani pia: mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Jambo ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba si lazima kusubiri hadi kuhitimu ndipo kuuliza. Barua au barua pepe inayotaja jina kamili la chuo, nchi, kozi na njia ya kufundishia inaweza kuandikwa kabla ya kulipa chochote, na jibu lake, hata likichelewa, ni rahisi kuliko muhula mmoja wa ada.

Mwaka huo wa 2017 uliwatia watumishi hofu ya aina nyingine. Tarehe 28 Aprili, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Kughushi ni jambo moja, na kusoma kwa haki katika chuo kisichotambuliwa ni jambo lingine. Lakini mbele ya dawati la afisa utumishi tofauti hiyo haimsaidii sana mwenye karatasi. Tangu hapo wapo walimu waliomaliza kozi za mtandaoni na kuziacha shahada zao kabatini, wakiogopa kuziwasilisha. Walisoma kwa jasho na wakajifunza kitu. Mshahara haukusogea hata shilingi.

Yule mwalimu wa Nyandira alizuiwa kabla ya kulipa, na mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za TCU. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na shamba la ukoo haliuzwi wala kuwekwa rehani na mtu mmoja kwa haja yake. Yeye alikuwa na matuta ya njegere na viazi aliyopewa kulima, akataka kuyakodisha kwa misimu kadhaa mfululizo ili apate ada ya mwanzo. Ilimbidi aende kwa mjomba wake mkubwa, mwenye kauli katika ukoo. Alimkuta barazani anafunga mafungu ya vitunguu vya mbegu kwa kamba za mgomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatisha, vidole vikiendelea na kazi. Kisha akauliza chuo chenyewe kiko wapi. Mpwa akataja nchi. Mzee akauliza kama yupo mtu wa Mgeta, au wa Morogoro, au hata wa Dar es Salaam, aliyemaliza hapo, na huyo mtu sasa anafanya kazi gani. Hapo jibu likakosekana. “Basi mtafute kwanza huyo,” mzee alisema. “Ukimpata, njoo naye tuongee. Shamba halikimbii.”

Mshauri wa chuo alipoombwa namba ya simu ya Mtanzania mmoja aliyehitimu na ambaye shahada yake imekubaliwa na mwajiri, alituma video. Alipoombwa mara ya pili alituma nyingine, ya mtu wa bara jingine. Mjomba alikuwa ameuliza swali linaloshinda ukaguzi mwingi wa karatasi. Chuo kinachofundisha kweli huacha watu nyuma yake, na watu hao hupatikana kwa urahisi, hasa katika nchi ambayo walimu wanajuana kutoka vyuo vya ualimu na semina za wilaya.

Hatua iliyofuata ilikuwa ofisi ya utumishi ya halmashauri. Afisa alikuwa na sentensi moja tu: apate kibali cha mwajiri kabla ya kuanza kusoma, na ahakikishe chuo kinatambuliwa, la sivyo hata faili la kubadilishiwa cheo halitafika Tume ya Utumishi wa Walimu. Hilo la kibali huwaponyoka wengi. Kwa kuwa masomo ya mtandaoni hayamtoi mtu kituoni, wanaona hayamhusu mwajiri, na wanakuja kugundua kwamba mwajiri hakuwa na taarifa siku wanapoomba alipie matunda yake.

Kusoma kwa mbali si jambo geni Tanzania, na wala si la daraja la chini. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule ya msingi, maelfu ya vijana waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta na ya redio, huku tayari wakiwa darasani wanafundisha. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na wanafunzi wake wa kwanza walianza 1994, kabla intaneti haijafika nyumba za watu. Ni chuo cha umma, shahada yake haihitaji kuelezwa kwa mwajiri yeyote nchini, na mwanafunzi anaruhusiwa kwenda kwa mwendo wake, akichukua masomo machache mwaka ambao mavuno ni mabaya. Kwa mwalimu, karani au muuguzi wa Uluguru anayetaka kozi ambayo Huria inaitoa, ni vigumu kuona hoja ya kuanzia mahali pengine. Mwalimu wa Nyandira alianzia hapo.

Yapo mambo ambayo hakuna chuo kinachoweza kuyaondoa. Mtandao wa simu mlimani hutegemea kuonana na mnara. Mwenye nyumba kwenye kilele cha kilima anapata ishara nzuri, jirani yake aliye bondeni hana kitu. Mwalimu yule alikuwa na jiwe lake juu ya shamba la jirani, ambako simu ilishika. Alipanda hapo jioni, akipakua makala za kusoma moja moja, akiwa amejifunga khanga mbili kwa ukungu, kisha akashuka kuzisoma ndani kwa taa ya sola. Kupakua kunavumilia kukatika. Mtihani unaosimamiwa kwa kamera, unaotaka picha na sauti bila kukatika kwa saa mbili au tatu, hauvumilii. Chuo cha mtandaoni kinachotaka mitihani ya namna hiyo humlazimu mwanafunzi wa mlimani kushuka mjini, kulala huko na kukodi chumba chenye umeme wa uhakika, na gharama hizo hazimo katika ada iliyotangazwa. Mitihani ya Huria kwenye kituo cha mkoa nayo inahitaji safari, ila safari hiyo ina ratiba, na chumba cha mtihani kipo.

Upweke pia una bei yake. Anayesoma peke yake usiku, baada ya vipindi na kusahihisha madaftari, huchoka upesi, na wengi wanaosoma kwa mbali huachia njiani. Waliofika mwisho Mgeta walikuwa na mwenzao wa kozi katika kata ya jirani, hata mmoja, waliyekutana naye siku ya gulio wakalinganisha kazi. Mji nao unasaidia anayejua kuutumia: Maktaba ya Mkoa ina meza na utulivu, na hakuna anayeuliza mtu anasoma chuo gani.

Je, chuo cha kibiashara cha mtandaoni kinaweza kuwa chaguo sahihi? Kinaweza, kwa mtu ambaye kozi anayoitaka haipatikani nchini kwa njia ya masafa, ambaye ada haimnyimi mtoto shule, na ambaye mpokeaji wa shahada amekwisha kusema atakubali. Fundi wa programu za kompyuta anayefanya kazi kwa kampuni binafsi hupimwa kwa kazi ya mikono yake. Kwake kozi fupi inayolipiwa mwezi kwa mwezi inaweza kufaa kuliko shahada ya miaka minne, na akiona haimfai anaacha bila hasara kubwa. Kwa taaluma zenye bodi hali ni nyingine. Mhasibu ana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, mbele yake, mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, muuguzi ana baraza lake. Hao waulize bodi kwanza. Na kwa yeyote, ada inayodaiwa itumwe kwenye simu ya mtu binafsi isilipwe, hata kama mtu huyo ana kitambulisho chenye nembo.

Wapo waliokwisha kulipa na sasa wana shaka. Hao wasiendelee kulipa kwa sababu tu wamekwisha lipa. Fedha iliyotoka haitarudishwa na muhula mwingine. Wasome mkataba wa udahili kuona muda wa kujitoa na kiasi kinachorejeshwa, watoe taarifa ya kujitoa kwa maandishi, na watunze risiti zote pamoja na ujumbe wa mshauri, ukiwemo ule wa ahadi. Waombe nakala rasmi ya matokeo ya masomo waliyomaliza, pamoja na muhtasari wa kila somo, maana chuo kingine kikikubali kuhamisha sehemu ya masomo hayo kitataka kuona kilichofundishwa na saa zilizotumika. Maombi hayo yafanywe wakati akaunti ya mwanafunzi bado iko wazi na deni halijalimbikizwa, kwa sababu vyuo vingi huzuia matokeo ya mwenye deni, na kampuni ikifungwa kumbukumbu za wanafunzi zinaweza zisipatikane tena.